Marika Manne katika Shamba Moja: Tofauti za Vizazi Kazini katika Historia ya Kanisa Letu

1. Utangulizi

Katika vikao vya watenda kazi wa Kanisa husikika malalamiko mawili yanayofanana kama mapacha, ingawa wenye kuyasema hawapendi kuketi benchi moja. Wazee husema kwamba vijana wa siku hizi hawana wito, kwa maana huuliza habari za mshahara na nyumba kabla ya kuuliza habari za usharika. Vijana nao husema kwamba wazee wameshika funguo za kila mlango, hawafundishi, na kila jambo jipya huliita utovu wa adabu. Kwa kawaida mwenyekiti wa kikao hufunga mjadala kwa sala, kila mmoja akarudi kwake na neno lake moyoni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba malalamiko hayo si mageni. Yamesemwa na kila rika la watenda kazi tangu Injili ilipofika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mara nyingi waliolalamikiwa jana ndio wanaolalamika leo. Tutapita katika historia ya watenda kazi wa Kilutheri, hasa upande wa kaskazini mwa Tanzania, ili tuone kila rika liliingia kazini kwa mlango gani. Hoja yetu ni kwamba tofauti za vizazi kazini hazitokani sana na umri wala tabia. Hutokana na mlango ambao watu waliingilia, na masharti waliyoyakuta mlangoni. Mchungaji asiyelifahamu jambo hili atayahubiri kama dhambi mambo ambayo ni historia, na dhambi yenyewe ataiacha bila kuigusa.

2. Kizazi na rika

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo hatuna budi kuyatofautisha. Kizazi ni uhusiano wa damu: baba, mwana, mjukuu. Rika ni uhusiano wa wakati: watu waliopita pamoja katika jambo moja lililowapa sura yao. Mwanasosholojia Karl Mannheim, aliyeandika juu ya vizazi mwaka 1928, alisisitiza kwamba kuzaliwa miaka iliyo karibu hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi kimoja. Ni lazima wawe wameshiriki mambo yale yale makubwa ya historia walipokuwa vijana, wakati akili ingali laini. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu chake ili wajue hilo. Wachaga, Wameru, Waarusha na Wamaasai waliipanga jamii kwa marika, nao walijua kwamba waliotahiriwa pamoja hubaki pamoja hata kaburini.

Miongoni mwa Wamaasai na Waarusha, ambao ni majirani wa Makumira, kuna desturi inayostahili kutazamwa kwa makini. Rika jipya la vijana halilelewi na rika lililo juu yake moja kwa moja. Linalelewa na rika la pili juu yake. Wazee wa rika hilo ndio wanaopekecha moto kwa vijiti na kulianzisha rika jipya. Wao ndio wanaolibariki, kulionya na kulitetea. Sababu yake ni ya busara. Marika mawili yanayofuatana hushindania nafasi moja: vijana wanataka kuingia mahali ambapo waliowatangulia hawajataka bado kutoka. Mtu asiyeshindana nawe ndiye anayeweza kukulea bila hofu. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu nadhani Kanisa lilikuwa na msaada huu mlangoni pake, likaupita.

3. Rika la kwanza: walimu waliokuwa vijana

Misioni ya Leipzig iliingia Kilimanjaro mwaka 1893, baada ya wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. kuondoka Moshi mwaka 1892. Ilianzia Machame, ikaenea Mamba, Moshi na kwingineko. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana waliokaa katika nyumba za misioni, wakajifunza kusoma, kuandika, kuimba na kufanya kazi za mikono. Kabla karne ile haijaisha baadhi yao walikuwa wamebatizwa. Hao ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa vijiji.

Leo tunawakumbuka kama wazee wenye mvi, na picha zao zilizotundikwa katika ofisi za sharika hutufanya tudhani kwamba walizaliwa hivyo. Lakini walipoanza kazi walikuwa vijana, na katika macho ya baba zao walikuwa vijana waasi. Waliacha matambiko ya ukoo. Walisimama mbele ya wakubwa wao na kusoma maneno ambayo wakubwa hawakuyajua. Mamlaka yao haikutoka katika umri, mifugo wala ukoo. Ilitoka katika kitabu. Naomba msomaji alitafakari hilo: rika ambalo sisi tunalitaja tunapotaka kuwafundisha vijana heshima ndilo lililovunja mpango wa heshima kuliko rika lolote lililofuata.

Kazi yao haikuwa na mipaka. Mwalimu wa kijiji alifundisha watoto asubuhi, akatembelea wagonjwa mchana, akaongoza ibada Jumapili, akatafsiri maneno ya mmisionari, akasimamia ujenzi wa kanisa. Malipo yalikuwa madogo, na sehemu kubwa ya riziki yake ilitoka katika kihamba chake cha migomba na baadaye kahawa. Hakuuliza saa za kazi, kwa sababu kazi haikuwa na saa. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa karibu wamisionari wote wa Kijerumani mwaka 1920. Walimu hao ndio walioshika sharika, wakisaidiwa baadaye na Waamerika wa Sinodi ya Augustana, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Hawakuwa wachungaji waliobarikiwa, lakini kundi halikutawanyika.

Kwa rika hili, basi, kazi ilikuwa deni. Wamepewa kusoma, wamepewa Injili, nao wanalipa kwa maisha yao yote. Mtu aliyeingia kwa mlango huo hawezi kuelewa kwa urahisi kijana anayeomba barua ya ajira.

4. Rika la pili: cheti na ubarikio

Katika miaka ya 1920 mambo mawili yaliibadilisha kazi ya Kanisa. La kwanza lilikuwa siasa ya elimu. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa siasa ya elimu katika makoloni yake ya Afrika. Matokeo yake yalikuwa ruzuku ya serikali kwa shule za misioni zilizotimiza masharti, na sharti mojawapo lilikuwa walimu wenye cheti. Tangu hapo mwalimu wa zamani aligawanyika kuwa watu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mwenye cheti, aliyelipwa kwa msaada wa ruzuku. Wa pili alikuwa mwinjilisti, aliyebaki na vijiji vidogo, katekisimo, wagonjwa na malipo hafifu ya usharika. Waliotoka nyumba moja sasa walipishana njiani, mmoja akiwa na viatu na mwingine bila viatu.

Ni muhimu tuone kwamba mgawanyiko huu haukuletwa na tabia mbaya ya vijana. Uliletwa na sheria ya fedha. Lakini katika masikio ya waliobaki nyuma ulisikika kama habari ya moyo: fulani amependa fedha, fulani ameacha wito. Hapo ndipo ilipozaliwa lugha ambayo tunaitumia hata leo.

Jambo la pili lilikuwa ubarikio wa wachungaji wa kwanza Waafrika katika eneo la Misioni ya Leipzig, mwaka 1934. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40 tangu 1893. Waliobarikiwa walikuwa watu wazima waliojaribiwa kwa muda mrefu kama walimu. Basi tangu mwanzo ofisi ya uchungaji kwetu ilijifunza kuwa ofisi ya wazee: mtu aliifikia baada ya kusubiri. Rika la pili lilirithi ile subira kama sehemu ya wito wenyewe, nalo lilipofika zamu yake ya kuwapokea wengine, lilidai subira ile ile. Vita ya pili ilipowaondoa tena Wajerumani, mizigo iliangukia mabega yao, nao wakaibeba.

Wakati huo huo mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Moshi ya Kale mpaka mwaka 1938, alijaribu kulijenga Kanisa juu ya misingi mitatu ya jamii ya Kichaga: ukoo, ujirani na rika. Aliwaunganisha vijana wa kipaimara wawili-wawili, ili kila mmoja awe ngao ya mwenzake. Kuna hekima kubwa katika kazi yake, na mafundisho ya wazee wa Kichaga aliyoyaandika katika vitabu vyake yamehifadhi mambo ambayo sisi wenyewe tungeyapoteza. Hata hivyo, vijana wengi wa wakati ule hawakutaka kuhifadhiwa. Walitaka Kiingereza, kahawa na sauti katika mambo ya nchi. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, kikiongozwa na Joseph Merinyo, mmoja wa watu waliopata elimu ya misioni. Gutmann alilipenda rika kama lilivyokuwa. Vijana waliishi katika rika kama lilivyokuwa linageuka. Rika lililogandishwa si rika tena, kwa sababu maana ya rika ni kwamba lipo jingine linalokuja.

5. Rika la tatu: chuo, uamsho na uhuru

Mwaka 1947 mafunzo ya pamoja ya theolojia yalianza Lwandai, Usambara, na mwaka 1954 yakahamia Makumira. Mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima ulifanyika Marangu mwaka 1955. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika nchi yetu. Mkuu wake wa kwanza, Askofu Stefano Moshi, alizaliwa mwaka 1906 na alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Alisimama na mguu mmoja katika rika la pili na mwingine katika la tatu, na huenda hiyo ni sababu mojawapo iliyomwezesha kusikilizwa na pande zote mbili.

Kwa rika la tatu mlango wa kuingilia ulikuwa chuo. Kijana wa miaka 20 na kitu aliweza kutoka darasani na kubarikiwa, akapelekwa kwenye usharika ambako mwinjilisti wake alikuwa na umri wa baba yake. Mwinjilisti alijua kila nyumba, kila ugomvi wa mipaka, kila kaburi. Mchungaji alijua Kigiriki kidogo na historia ya mafundisho. Nani alikuwa mkubwa? Kwa barua, mchungaji. Kwa maji ya kunawa na kiti cha mbele katika arusi, mwinjilisti. Sharika nyingi ziliishi na swali hilo kwa upole, nyingine kwa machozi, na sidhani kama tumelijibu hata sasa.

Kulikuwa pia na uamsho. Ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Bukoba kabla ya mwisho wa miaka hiyo, na baadaye sehemu nyingine za nchi. Uamsho ulidai toba ya wazi, na haukujali umri wa mtubu wala cheo chake. Kijana aliyeokoka aliweza kumwuliza mzee mbele za watu kama ameokoka. Kwa wengine hiyo ilikuwa pumzi ya Roho. Kwa wengine ilikuwa dharau iliyovikwa vazi la wokovu. Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuwa Askofu wa Bukoba mwaka 1964, alikuwa mtu wa uamsho, naye katika kitabu chake cha mwaka 1974 aliutazama uhusiano wa Kanisa na ukoo kama mwana wa vyote viwili. Mfano wake unaonyesha kwamba mtu aweza kuwa wa rika lake kabisa bila kuwadharau waliomtangulia.

Kisha likaja jambo lililoigusa kazi ya Kanisa kwa undani. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule za misioni zilitwaliwa na serikali. Mwalimu, ambaye kwa zaidi ya miaka 70 alikuwa nguzo ya usharika, sasa alikuwa mtumishi wa umma. Wengi waliendelea kuimba kwaya na kuwa wazee wa kanisa, lakini hawakuwa tena watenda kazi wake. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakumwona tena mwalimu wa shule ambaye ni mwinjilisti. Wazee wanaposhangaa kwa nini vijana hawajui jinsi shule na altare zilivyokuwa kitu kimoja, wakumbuke kwamba mlango huo ulifungwa kabla vijana hao hawajazaliwa.

6. Mwaka 1966: deni na mkataba

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la Kanisa peke yake, tutazame tukio moja la taifa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wahitimu walitakiwa kutumika kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Wengi wao walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata.

Pande hizo mbili hazikuwa zikibishana juu ya neno moja. Wanafunzi walizungumza habari za mkataba: tumesoma, kuna kazi, kuna mshahara unaojulikana wa kazi hiyo, mbona mnatupunguzia? Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 na kukulia kijijini katika nchi yenye wasomi wachache mno, alizungumza habari za deni: mmesomeshwa kwa jasho la wakulima. Mwenye kusema deni na mwenye kusema mkataba wanaweza kubishana usiku kucha bila kukutana, kwa maana kila mmoja ana ukweli.

Lakini tukio hilo lina sehemu ya pili, ambayo husahauliwa na wanaolisimulia ili kuwakemea vijana. Wanafunzi walikuwa wamewanyoshea kidole wakubwa wenye mishahara minono. Nyerere hakulitupa neno hilo pamoja na waliolisema. Alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha pamoja na masharti yake kwa viongozi. Kwa ukali wake wote, mzee alikubali kwamba lile shtaka la vijana lilikuwa na ukweli ndani yake, akalianza mwilini mwake. Huo ni mfano ambao baraza lolote la Kanisa linaweza kuutafakari kabla halijawahubiria watenda kazi wake vijana habari za kujitoa.

7. Rika la nne

Rika linaloingia kazini sasa limekuta mambo mengine. Limezaliwa baada ya ujamaa kulegea na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, katika nchi ambamo shule zilikuwa zikilipiwa, hospitali hulipiwa, na watumishi wengi wa umma walipunguzwa kazini katika miaka ya 1990. Limejifunza kwa macho kwamba asiye na karatasi mkononi hutolewa kwanza. Je, ni ajabu likiomba karatasi? Limesoma katika vyuo vilivyokuwa vyuo vikuu tangu miaka ya 1990, mara nyingi kwa fedha za familia iliyouza shamba au ng'ombe, nalo linaingia kazini likiwa na deni lisilo la kiroho. Ndani yake wamo wanawake waliobarikiwa kuwa wachungaji, jambo ambalo baadhi ya dayosisi zetu zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wao wanabeba mzigo mara mbili: huambiwa wasubiri kama vijana, kisha huambiwa wasubiri kama wanawake.

Aidha, rika hili linajua mambo ambayo wazee hawakupata kuyajifunza. Simu ya mkononi imeifanya ofisi ya usharika iwe ndani ya mfuko wa shati. Kijana anayeandika mahesabu ya usharika kwa kompyuta anaweza kuona kwa dakika moja mambo ambayo zamani yalifichika katika daftari kwa miaka kumi. Basi tunaposikia kwamba vijana wanavuruga desturi za ofisi, tuulize kwa upole: ni desturi gani inayovurugwa, heshima au giza?

Kwa upande mwingine, vijana nao hawana budi kuambiwa kweli. Katika sharika nilizopata kuzihudumu nimewaona wainjilisti ambao hawana diploma, lakini mgonjwa akizidiwa usiku wa manane mlango unaobishwa ni wao. Karatasi hailindi kundi. Mkataba unasema saa za kazi; hausemi la kufanya mama anapoleta mtoto aliyekufa. Rika linalojua haki zake bila kujua usiku huo litakuwa rika la maofisa, na Kanisa lina maofisa wa kutosha.

8. Maandiko yanatuonyesha nini?

Hadithi inayotajwa mara nyingi katika jambo hili ni ya Rehoboamu, katika 1 Wafalme 12, aliyeacha shauri la wazee na kufuata shauri la vijana, ufalme ukagawanyika. Wazee huipenda sana. Lakini msomaji akiendelea hadi 1 Wafalme 14:21 atakuta kwamba Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41, na vijana wale walikuwa wamekua pamoja naye. Hawakuwa watoto. Walikuwa rika la mfalme, watu wa makamo waliosubiri muda mrefu nyuma ya Sulemani. Tena shauri la wazee lilikuwa nini? Kwamba mfalme awe mtumishi wa watu na kuwapunguzia mzigo. Kosa la Rehoboamu halikuwa kuwasikiliza wenye umri mdogo. Lilikuwa kuiita nira nzito kuwa ni haki ya cheo. Kosa hilo halina umri.

Hadithi ya pili ni ya Eli na Samweli. Eli alishindwa kuwazuia Hofni na Finehasi, wanawe, waliokuwa tayari madhabahuni na mikono katika nyama ya sadaka. Hao ndio rika lililofuata mara moja baada yake. Lakini alimlea Samweli, mtoto aliyekuwa mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wake. Samweli alisikia sauti asiyoijua. Eli alijua ni sauti ya nani, ingawa yeye mwenyewe hakuisikia. Hakuna mmoja aliyetosha bila mwenzake. Na asubuhi Eli alimtaka kijana amwambie neno zima bila kumficha, ijapokuwa lilikuwa neno la hukumu juu ya nyumba yake. Hapo tunaona heshima ya pande mbili: kijana hakukimbilia kusema, na mzee hakukimbia kusikia.

Katika mapokeo yetu ya Kilutheri pia, tusisahau kwamba Philipp Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518 akiwa na miaka 21, na Luther alikuwa na miaka 34. Luther alijifunza Kigiriki zaidi kwa kijana huyo bila kuona kwamba amepunguzwa kitu. Walitofautiana kwa tabia maisha yao yote, lakini kazi ilikuwa moja.

9. Hitimisho

Historia tuliyoipitia inatufundisha nini kwa ajili ya kazi ya leo? Nataja mambo manne.

Kwanza, tuache kuyaita mambo ya masharti kuwa mambo ya moyo. Ruzuku ya miaka ya 1920 ilimgawanya mwalimu na mwinjilisti, lakini lawama ziliwaangukia watu. Mtenda kazi anapouliza habari za mshahara uliocheleweshwa, ajibiwe habari za mshahara. Akijibiwa habari za wito peke yake, atajifunza kwamba wito ni neno linalotumika fedha zikikosekana.

Pili, tuyapokee malezi ya rika la pili juu. Mkuu wa Jimbo na mchungaji anayemfuata hushindania nafasi moja, wapende wasipende. Wachungaji na wainjilisti waliostaafu hawashindani na mtu. Wengi wao wanakaa nyumbani na kuitwa siku ya mazishi tu. Kila dayosisi ingeweza kumkabidhi kila mtenda kazi mpya kwa mstaafu mmoja, si ili amsimamie wala amwandikie taarifa, bali ili awashe moto pamoja naye. Hapa hatuigi mpango wa marika kama ulivyokuwa, kwa maana uliwaacha wanawake nje. Tunachukua hekima yake na kuifungulia mlango mpana zaidi.

Tatu, kila kikao kinachojadili masharti ya kazi kiwe na watu wa marika yote, nao wakubwa waanze kujipima wenyewe. Methali yasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, kama wazee wapo ili neno lisiharibike, wala si ili neno lisisemwe.

Nne, vyuo vyetu viwafundishe wanafunzi historia ya walimu wa vijiji kwa bidii ile ile ambayo vinafundisha historia ya Matengenezo. Mwanafunzi anayejua kwamba sharika zilishikwa mwaka 1920 na watu wasio na kanzu ya ubarikio hataingia usharikani akidhani kwamba Kanisa linaanza siku anayobarikiwa yeye.

Katika kitabu cha Ezra sura ya tatu, msingi wa hekalu ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wengi walipaza sauti kwa furaha, wala watu hawakuweza kuitofautisha sauti ya kilio na sauti ya furaha. Wazee hawakukatazwa kulia. Vijana hawakuambiwa wanyamaze kwa kuwa hawakuiona nyumba ya zamani. Msingi ulikuwa mmoja chini ya miguu ya wote, na mawe yalikuwa bado yanangojea kubebwa.